Mkimbiaji Aliyekataa Kungoja

Ukimwuliza mtoto wa Bomeni wakimbiaji hutoka wapi, atakutajia Eldoret, Iten au Kapsabet. Hatakuwa amekosea, ila atakuwa ameruka jirani. Panda gari hapa Taveta alfajiri, vuka Holili, pita Himo na Moshi, fika Arusha, shika njia ya Makuyuni hadi Mto wa Mbu. Hapo gari litaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, masikio yatakuziba, na ukifika juu utakuwa umeingia Karatu kabla ya jua kuzama. Huko ndiko kwao Filbert Bayi, Mwafrika wa kwanza kushika rekodi ya dunia ya mita 1,500 na vilevile ya maili. Kip Keino, pamoja na ukubwa wake wote, hakuwahi kushika hata moja kati ya hizo mbili.

Nayasema haya nikiwa Mkenya, tena wa mpakani. Sisi wa Taveta tunanunua na kuuza na watu wa ng'ambo, tunaoana nao, tunazikana nao. Lakini tukiingia kwenye habari za riadha tunakuwa watu wa upande mmoja ghafla, kana kwamba mlima ulio kati yetu umezuia sauti. Historia ya Bayi haiwezi kusimuliwa bila Wakenya ndani yake, wala historia ya Mkenya Ben Jipcho haiwezi kusimuliwa bila Bayi. Hawa wawili walikimbia pamoja kwa mwaka mmoja na ushei, kisha njia zikaachana kwa sababu ya jambo moja: fedha. Mmoja akabaki kwenye riadha ya ridhaa, mwingine akaingia riadha ya kulipwa.

Bayi alizaliwa tarehe 23 Juni 1953. Kwa mtoto wa nyanda zile za Karatu na Mbulu, kukimbia hakukuwa mchezo. Kulikuwa namna ya kufika. Shule iko mbali, ng'ombe wako mbali, na kilima hakikuulizi kama umechoka. Eneo hilohilo lilimtoa John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, goti limefungwa bandeji, uwanja umekaribia kuwa mtupu. Bayi alipokwenda Dar es Salaam aliingia jeshini, na jeshi ndilo lililompa alichohitaji mkimbiaji yeyote kijana wakati ule: chakula cha uhakika, paa, na saa za kufanya mazoezi. Kwa nchi zetu, jeshi, polisi na magereza ndizo zilikuwa klabu za riadha. Mwanariadha alipokea mshahara wa askari, na miguu yake ilihesabiwa kuwa mali ya taifa.

Mwaka 1972 alikwenda Olimpiki ya Munich akiwa na miaka 19. Aliingia mita 1,500 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na zote mbili akatolewa mapema. Hakuna aliyemkumbuka. Huko Munich mashujaa wa viunzi na maji walikuwa wetu: Keino alichukua dhahabu, na nyuma yake kwa sekunde moja tu alikuwa Ben Jipcho wa Mlima Elgon.

Miezi minne baadaye, Januari 1973, Michezo ya Afrika ilifanyika Lagos. Keino alikuwa akitimiza miaka 33 mwezi huohuo, na mita 1,500 zilikuwa shamba lake. Bayi akatoka mbele tangu mwanzo, akaongeza pengo, na Keino akangoja arudi kama wanavyorudi vijana wote wanaoanza kwa pupa. Bayi hakurudi. Alimaliza kwa 3:37.2, Keino akawa wa pili.

Hapa inafaa tutulie kidogo, maana ndipo ulipo ufundi wenyewe wa mtu huyu, na ndipo alipoeleweka vibaya zaidi.

Mbio za masafa ya kati ni mbio za kuviziana. Mita 1,500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Anayekwenda mbele anaukata upepo kwa ajili ya wote walio nyuma, anaweka kasi asiyojua kama ni sahihi, na hamwoni adui. Wa nyuma wamejificha. Wanahifadhi nguvu na macho yao yamekaa mgongoni mwake. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikilia, mwenye miguu ya kufyatuka anatoka pembeni na kumaliza kazi katika mita 200 za mwisho. Kwa hiyo hekima ya makocha wengi ilikuwa: kaa ndani ya kundi, ngoja. Lakini kundi nalo lina hatari zake. Mkimbiaji wa ndani hufungiwa asipate pa kutokea, viwiko hugongana, viatu vya misumari hukanyaga visigino.

Bayi alikataa kungoja. Wengi waliomwona Ulaya walidhani ni ushamba, kwamba huyu kijana wa Kiafrika anakimbia kwa furaha bila hesabu. Ilikuwa hesabu. Mwenye mbio za mwisho ana silaha yake pale tu anapofika mzunguko wa mwisho akiwa na pumzi. Ukimlazimisha kukimbia mizunguko mitatu kwa kasi ambayo hajaizoea, atafika kwenye kengele akiwa na silaha isiyo na risasi. Sharti lake ni kwamba wewe mwenyewe uweze kuivumilia kasi hiyo, na uwe na akiba ndogo ya kujibu atakapokaribia. Siku hizi mbio kubwa za Ulaya zina waweka kasi, wakimbiaji wanaolipwa waongoze mita 800 au 1,000 kisha watoke. Bayi alikuwa mweka kasi wake mwenyewe, kisha haohao waliofaidi kasi yake akawashinda.

Kazi ya kuweka kasi ndiyo inayonirudisha kwa Jipcho. Jipcho alizaliwa mwaka 1943, na dunia ilimfahamu kwanza kwa mbio ambazo alimaliza wa kumi. Ilikuwa fainali ya mita 1,500 jijini Mexico, Oktoba 1968. Mmarekani Jim Ryun, mwenye rekodi ya dunia, alikuwa na mbio za mwisho zilizoogopwa na kila mtu. Jipcho alitoka mbele na kupita mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56, kasi ya hatari kwenye hewa nyepesi ya mji ule ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Keino akaipokea kasi hiyo na kwenda nayo hadi mwisho, 3:34.9, Ryun akiwa nyuma kwa karibu sekunde tatu. Dhahabu ile ni ya Keino na anastahili kila gramu yake. Ila sehemu ya gharama yake ililipwa na miguu ya Jipcho, bila medali na bila shilingi.

Mwaka 1973 Jipcho alikuwa amefikisha miaka 30 na hakutaka tena kuwa ngazi ya mtu. Lagos alishinda mita 5,000 na viunzi na maji, akiifikia rekodi ya dunia ya 8:20.8. Juni akaivunja mara mbili Helsinki katika muda wa siku nane, kwanza 8:19.8, kisha 8:14.0. Tarehe 2 Julai, Stockholm, yeye na Bayi wakakutana kwenye maili. Bayi akatoka kama kawaida yake, akaharibu mpango wa kila mtu, na Jipcho akamfuata kwa subira ya mtu mzima, akampata mwishoni: 3:52.0 kwa 3:52.6. Hadi siku hiyo, ni Ryun peke yake aliyekuwa amewahi kukimbia maili kwa kasi kuliko Jipcho.

Kwa hiyo Michezo ya Jumuiya ya Madola ilipofika Christchurch, New Zealand, Januari 1974, aliyekuwa akitafutwa na kamera alikuwa Jipcho, na hakuwaangusha. Alishinda viunzi na maji. Alishinda mita 5,000 kwa 13:14.4, akimpita Brendan Foster wa Uingereza kwa tofauti ya unyayo. Siku ya mwisho, tarehe 2 Februari, akaja kutafuta ya tatu kwenye mita 1,500. Mstarini alikuwapo pia Mike Boit, Mkenya mwenzake, ambaye alikuwa na shaba ya Olimpiki ya mita 800. Walikuwapo vijana wawili wa nyumbani, Rod Dixon na John Walker. Na alikuwapo Bayi, miaka 20.

Bunduki ikalia, Bayi akaenda.

Mzunguko wa kwanza aliupita kwa sekunde 54.9. Boit alikuwa karibu yake, wengine wamelegeza kamba kwa makusudi, maana walimjua: huyu atachoka. Mita 800 zikapita kwa 1:52.2. Hiyo ni kasi ambayo wanaume wengi wanaojiita wakimbiaji wa mita 800 wangefurahi kumaliza nayo na kwenda kuoga. Yeye alikuwa na mita 700 mbele yake. Mita 1,200 akazipita kwa 2:50.8. Uwanja mzima sasa ulikuwa umesimama, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya Walker, kijana wao, aliyekuwa ametoka nyuma na kuanza kulila lile pengo.

Kwenye kona ya mwisho Walker alikuwa karibu kabisa. Hapa ndipo ile hadithi ya mkimbiaji asiye na hesabu ilipofia. Bayi aligeuza macho, akamwona, na akatoa akiba. Alikuwa ameibeba tangu mwanzo wa mbio. Pengo halikuzibika. Alikata utepe kwa 3:32.16, Walker 3:32.52. Rekodi ya zamani, 3:33.1 ya Ryun, ilikuwa imekaa tangu 1967, na siku hiyo ilivunjwa na watu wawili kwa pamoja. Jipcho alikuwa wa tatu kwa 3:33.16, akiikosa kwa kiasi ambacho macho hayawezi kukiona. Dixon na Graham Crouch wa Australia wakafuata, wote chini ya 3:35.

Nimeitazama mbio hiyo mara nyingi. Kinachonishika kila mara ni mgongo wa Bayi, umetulia, mabega hayapandi, kama mtu aliyetumwa dukani na akaambiwa asichelewe. Kwa maoni yangu haijawahi kukimbiwa mita 1,500 ya ubingwa iliyo bora kuliko ile, maana wengi walioshusha muda baadaye walikuwa na mtu wa kuwakatia upepo.

Baada ya Christchurch, njia zikaachana.

Sheria ya wakati ule ilikuwa kali. Shirikisho la dunia lilikuwa na neno "ridhaa" ndani ya jina lake, na mwanariadha aliyepokea malipo hadharani alifungiwa milango ya Olimpiki na mashindano yote makubwa. Waandalizi waliuza tiketi, vyombo vya habari viliuza matangazo, kampuni za viatu ziliuza viatu, na mtu pekee aliyekatazwa kuuza ni yule aliyefanya watu waje uwanjani. Wanaotetea mpango ule husema ulilinda usafi wa michezo. Usafi huo ulimfaa mtoto wa tajiri wa London aliyekwenda kukimbia baada ya masomo. Kwa mtoto wa mkulima wa Mlima Elgon au wa Karatu ulimaanisha kwamba atakimbia mbele ya maelfu ya watu Ulaya, kisha arudi nyumbani na medali na sanduku la nguo za timu.

Marekani kulikuwa kumeanzishwa kundi la riadha ya kulipwa, International Track Association, ambalo mashindano yake yalianza 1973. Keino aliingia. Ryun naye aliingia. Jipcho, akiwa na dhahabu mbili na shaba ya Christchurch, akitajwa kuwa mwanariadha bora wa dunia wa mwaka uliokuwa umepita, alitia saini mwaka huo wa 1974. Alikuwa na miaka 31. Alijua hesabu ya umri wa miguu, na alijua kwamba medali hazisomeshi watoto. Wapo waliomlaumu Kenya, wakisema ameiacha bendera. Mimi siwezi kumlaumu. Alikuwa amekwisha kuibebea bendera hiyo mizigo ya watu wengine tangu Mexico.

Mashindano yale ya kulipwa mengi yalifanyika ndani ya kumbi, kwenye njia fupi zenye kona kali, na zawadi ya mshindi ilikuwa mamia ya dola, si maelfu tunayosikia leo. Jipcho alishinda sana na akawa miongoni mwa waliopata zaidi. Lakini watazamaji walipungua, majina mapya hayakuja kwa sababu vijana waliogopa kupoteza Olimpiki, na mwaka 1976 kundi likavunjika. Mlango wa ridhaa ulikuwa umekwisha kufungwa nyuma yake. Akarudi nyumbani, akaendelea na kilimo. Miaka mitatu tu ya kulipwa, na ndiyo ikawa mwisho wa kazi yake ya kukimbia.

Bayi alibaki ridhaa. Tanzania ya Azimio la Arusha haikuwa nchi ya kumruhusu askari wake aende kujiuza Marekani, na sina sababu ya kudhani kwamba yeye alitaka. Tarehe 17 Mei 1975, Kingston, Jamaika, akakimbia maili. Alitangulia tangu mlio wa bunduki, na safari hii hakuna aliyefika mgongoni mwake. Mmarekani Marty Liquori alimaliza zaidi ya sekunde moja nyuma. Muda wake ulikuwa 3:51.0. Rekodi ya Ryun ilikuwa 3:51.1. Sehemu moja ya kumi ya sekunde, lakini ilikuwa imewashinda wote kwa miaka minane. Bayi hakukaa nayo sana. Agosti mwaka huohuo, Göteborg, Walker aliishusha hadi 3:49.4, mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya 3:50.

Basi ulimwengu ukawa na jambo moja tu la kungoja: Bayi na Walker, Montreal, Olimpiki ya 1976. Mmoja ana rekodi ya mita 1,500, mwingine ana rekodi ya maili. Mmoja anatangulia, mwingine anafukuza.

Mbio hiyo haikukimbiwa. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi mwaka huo, watoto wa Soweto wakiwa wamepigwa risasi mwezi Juni. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ikakataa, ikisema raga si mchezo wa Olimpiki. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika kugomea, na Kenya nayo ikaondoka pamoja na nchi nyingine zaidi ya ishirini. Bayi alikuwa ameugua malaria kabla ya michezo, na wapo wasemao asingeweza kumshinda Walker hata angekwenda. Huenda. Lakini tazama fainali ilivyokuwa. Mita 800 zilipitwa kwa zaidi ya dakika 2 na sekunde 3, sekunde kumi na moja nyuma ya kasi ya Christchurch. Wote walikuwa wakingoja. Hakukuwa na mtu wa kutangulia. Walker alishinda kwa 3:39.17, sekunde saba polepole kuliko rekodi ya mtu aliyekuwa nyumbani.

Nasimama na uamuzi wa Tanzania. Serikali iliyokuwa ikiwahifadhi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika isingeweza kunyamaza na kubaki na heshima yake. Lakini ni haki kusema nani alilipa. Waziri hakupoteza kazi. Balozi hakupoteza gari. Aliyelipa ni kijana wa miaka 23 ambaye mwaka wake wa ubora ulipita akiwa nje ya uwanja, pamoja na Mike Boit wetu, ambaye mita 800 zilimngojea Montreal asifike. Mtu wa riadha ya kulipwa angalau angekuwa na mshahara wa kumfariji. Mtu wa ridhaa hakuwa na kitu.

Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na Tanzania ikafunga mpaka. Hapa kwetu halikuwa jambo la kusoma gazetini. Holili ilifungwa, ndugu aliyekuwa akifikiwa kwa mguu akawa mgeni wa nchi nyingine, na mambo yakabaki hivyo hadi Novemba 1983. Miaka hiyo yote Mkenya na Mtanzania walikutana kwa urahisi zaidi kwenye viwanja vya ng'ambo kuliko hapa Taveta.

Bayi aliendelea. Mwaka 1978, Algiers, alitetea dhahabu yake ya Michezo ya Afrika. Mwaka huohuo, Edmonton, kwenye Jumuiya ya Madola, alitangulia tena, na safari hii David Moorcroft wa Uingereza alimpata kwenye mita za mwisho: 3:35.48 kwa 3:35.59. Agosti 1979 rekodi ya Christchurch ikaanguka mikononi mwa Sebastian Coe, 3:32.03. Ilikuwa imekaa miaka mitano na nusu.

Mwaka 1980 Olimpiki ilikuwa Moscow. Safari hii Kenya ilikuwa miongoni mwa waliogomea, kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti Afghanistan, na Tanzania ilikwenda. Wakenya wa kizazi kile walikosa Olimpiki mbili mfululizo, jambo ambalo tukihesabu medali zetu hatulihesabu ipasavyo. Bayi aliacha mita 1,500 na kuchagua viunzi na maji, mbio zilizomtoa mapema Munich miaka minane kabla. Akatangulia. Kufikia mizunguko ya mwisho alikuwa amewaacha wote kwa pengo lililoonekana kuwa la dhahabu. Bronisław Malinowski wa Poland, aliyekuwa na medali ya fedha ya Montreal na uzoefu mkubwa wa viunzi, hakupapatika. Mzunguko wa mwisho miguu ya Bayi ilikuwa imejaa mchanga; kila kiunzi kilikuwa kirefu kuliko kilichopita. Malinowski akampita. 8:09.70 kwa 8:12.48.

Wengine wanaitazama mbio ile na kusema alikosea hesabu. Labda. Ila mtu aliyefika kileleni kwa kutangulia hawezi kuombwa abadilike siku ya fainali ya Olimpiki. Medali hiyo ya fedha, na ile ya fedha ya Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000 siku iliyofuata, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Mwaka 1982 shirikisho la dunia lililegeza kamba, likaruhusu wanariadha kuwekewa fedha kwenye mifuko maalumu. Mwaka 1997 likaanza kutoa zawadi za fedha taslimu kwenye mashindano ya dunia. Mwaka 2001 likaondoa neno "ridhaa" kwenye jina lake. Paris 2024, Emmanuel Wanyonyi aliposhinda mita 800 na Faith Kipyegon mita 1,500, kila mmoja alipata dola 50,000 za shirikisho hilohilo lililowahi kumfungia Jipcho kwa kosa la kulipwa. Sijasikia kwamba liliwahi kuwaomba radhi wazee wale.

Jipcho alifariki Julai 2020 akiwa na miaka 77. Bayi alisoma Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, akarudi nyumbani, akawa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi, na pamoja na mkewe Anna wakajenga shule zenye jina lake, Kimara jijini Dar es Salaam na Mkuza huko Kibaha.

Uwanja wa Christchurch haupo tena. Tetemeko la mwaka 2011 liliuharibu na ukabomolewa. Muda wa Bayi ulidumu kuliko uwanja. Ulikaa kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48, hadi Agosti 2022, Birmingham, Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12, nyuma yake akiwa Timothy Cheruiyot wa Kenya.

Walimu wa michezo wa Bomeni na wa Taveta nzima, nawaomba jambo moja. Mbio za kaunti zikikaribia, mkiwapanga watoto mstarini, msiwatajie Keino na Rudisha peke yao. Wasimulieni Jipcho. Wasimulieni na Bayi wa Karatu, jirani yetu. Na akitokea mtoto anayetoka mbele tangu mzunguko wa kwanza, msimpigie kelele arudi ndani ya kundi.